Uzoefu wangu: sili mpya niliyorudishiwa ikiwa kwenye pakiti

Nianze na hasira, maana ndiyo iliyonikalisha kuandika. Nilipeleka pikapu yangu kuukuu gereji ikafanyiwe kazi kubwa ya injini, matengenezo na maboresho kwa mpigo mmoja. Ilirudi na nguvu ambazo sijaziona tangu niimiliki. Wiki mbili tatu hivi, klachi ikaanza kuteleza mlimani na harufu ya kuungua ikajaa ndani. Nikasimama, nikachungulia chini: tone jeusi linaning'inia pale injini inapokutana na giaboksi. Nikafungua droo ya dashibodi kutafuta kitambaa. Humo, katikati ya boliti zilizobaki na risiti zilizokunjamana, nikaikuta sili ya nyuma ya krenki. Mpya, niliyoinunua mwenyewe, ndani ya pakiti ambayo hakuna aliyeichana.

Yaani hawakuipoteza. Waliirudisha pamoja na mabaki, kama mtu anavyokurudishia chenji.

Aliyewahi kulala chini ya gari ameshanielewa. Kwa wengine: ni pete ya mpira tu, kazi yake kuzuia oili isitoke pale krenkishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ndiyo krenki) inapochomoza nyuma ya injini. Yenyewe si kitu. Kuifikia ndiko kwenye shughuli. Unavua propela shafti, unashusha giaboksi (yangu inavuta magurudumu manne, kwa hiyo na transfa, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inashuka nayo), unavua klachi, unavua flaiwili (gurudumu zito la chuma nyuma ya krenki), halafu ndiyo unaiona. Kuibadilisha kwenyewe hakufiki hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Sasa giaboksi ilikuwa chini tayari, klachi mpya inafungwa, flaiwili iko mezani, sili mpya iko kwenye boksi la spea, na mtu mzima akaiangalia ile ya zamani akasema hii iendelee tu.

Na nilikuwa nimeandika! Hilo ndilo linaloniuma kuliko oili. Nilikaa jioni kadhaa na daftari nikiipanga kazi hii. Mwanzo niliandika kama watu wengi tunavyoandika, ubovu mmoja baada ya mwingine: inachemsha, asubuhi inawaka kwa shida, klachi inashikia juu, mbele inatoa jasho la oili. Nikaona inakuwa orodha ya malalamiko, siyo mpango. Nikaanza upya, safari hii kwa kuuliza ili kufika hapa, nini lazima kifunguliwe? Zikapatikana kurasa tatu. Ya kwanza hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda kwa juu: gasketi, vali, sili za vali, hita plagi (za kupasha joto injini iwake), na nozeli za kunyunyizia dizeli zipelekwe kupimwa maadamu zimeshatolewa. Ya pili mbele ya injini: mkanda wa taiming na puli yake ya kukazia, sili ya krenki ya mbele, sili ya kemshafti (shafti inayofungua vali), wota pampu, na rejeta kubwa zaidi iingie wakati huohuo kwa kuwa ile ya zamani lazima itoke kupisha mikono. Ya tatu giaboksi: klachi nzito zaidi, beringi ya klachi, flaiwili isawazishwe, na sili ya nyuma ya krenki. Hiyo ya mwisho niliipigia mstari chini. Mistari miwili.

Nilipomkabidhi msimamizi wa gereji ule ukurasa, aliusoma akacheka, akamgeukia spana boi wake, kijana msaidizi: "Leo tumeletewa mwalimu." Kisha akaniambia, "Bosi, wewe acha gari, haya mengine ni ya kwetu." Nikacheka na mimi. Nilipaswa kuondoka na gari langu palepale.

Lakini nisiwe mwongo. Kwenye ile gereji kuna mzee wa hedi, na kwa huyo sina la kusema ila shukrani. Yeye ndiye aliyekataa injini isifunguliwe kabla ya kupimwa. Alipima mgandamizo wa hewa silinda moja moja, tatu zikakaribiana, ya nne ikawa chini sana. Mwingine angesema ringi za pistoni, zinazozuia hewa isishuke kwenye oili, zimekwisha, tushushe injini yote. Mzee akaisogeza pistoni ya silinda ile hadi juu, vali zote zikiwa zimefunga, akapuliza hewa ya kompresa kupitia tundu la hita plagi, akaniita. "Mwanangu, njoo usikilize." Tukafungua kifuniko cha oili: kimya. Ingekuwa ringi, hewa ingevuma hapo. Tukaangalia rejeta: mapovu madogo, gasketi hiyo. Tukaweka sikio kwenye bomba la ekzosi: ssssss, wazi kabisa. Vali ya ekzosi haikai. Kwa kusikiliza tu, mzee aliniokoa na ovaholi nzima ya chini ambayo injini haikuihitaji.

Na hakuishia hapo. Hedi ilipotoka aliijaribu kwa shinikizo ndani ya maji ya moto kutafuta ufa, akatuma uso wake ukasawazishwe kwa mashine, halafu akafanya jambo ambalo kwa miaka yote ya kuhangaika na dizeli sijaona fundi akijisumbua nalo: akapima kila pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku ikifika juu kabisa, ndipo akaagiza gasketi. Kumbe kwa injini hizi za dizeli gasketi ya hedi huja kwa unene zaidi ya mmoja, na kipimo hicho ndicho kinachochagua. Ukifunga nyembamba kuliko inavyotakiwa, pistoni inaweza kugusa kisichopaswa kuguswa. Ukifunga nene, mgandamizo unapungua na asubuhi unabaki kuimbisha stata. Mimi kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika "gasketi ya hedi", basi. Boliti alikaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) mkononi, bila kuongea na mtu.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu hedi, ni gereji bora niliyowahi kuingia. Ukiniuliza kuhusu gereji, narudi kwenye ile pakiti.

Kulikuwa pia na suala la tabo, kile kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini iongeze nguvu. Msimamizi aliling'ang'ania tangu siku ya kwanza. Injini yangu ilitoka kiwandani bila tabo, na yeye alikuwa na moja kwenye boksi, "inakaa bila shida". Nilikataa, siyo kwa sababu siitaki. Naitaka sana. Lakini huwezi kusukuma hewa zaidi kwenye injini yenye vali inayovuja na rejeta iliyoziba, ni kumpa mgonjwa mzigo abebe. Kisha tabo inakuja na ndugu zake: dizeli inaongezwa, joto la ekzosi linapanda, oili inatakiwa ifike na irudi safi, klachi ya kawaida inasalimu amri. Ndiyo maana niliweka rejeta na klachi nzito kwanza, tabo baadaye injini ikishathibitika nzima. Akaniona mwoga. Sasa jiulizeni, mtu anayetaka kuongeza nguvu kwenye klachi ambayo ameiacha imekaa chini ya sili kuukuu, ni nani mwoga na ni nani hajui?

Niliporudi na lile tone, utetezi wake wa kwanza ulikuwa, "Hiyo ni oili ya giaboksi, bosi." Nikapitisha kidole, nikamwonyesha. Nyeusi tii. Oili ya giaboksi ina harufu yake nzito ya kiberiti, mtu hawezi kuikosea, na haiwi nyeusi kama masizi. Hii ni ya injini ya dizeli. Akanusa, akanyamaza kidogo, akaja na la pili: "Wakati tunafunga ilikuwa haivuji."

Haivuji! Nani alisema inavuja? Sikuandika "kama inavuja". Mpira umekaa kwenye joto miaka yote hiyo, umeshakomaa. Na tumekwisha kuirudishia injini mgandamizo wake, tumeibana mbele kwa sili mpya, hiyo ya nyuma ndiyo imebaki mlango dhaifu kuliko yote. Nikatoa pakiti mfukoni nikaiweka juu ya daftari lake la kazi. Spana boi akainamisha kichwa. Nafikiri yeye ndiye aliyeirudisha kwenye droo, labda kwa nia njema, na kwake sina kinyongo.

Walikubali kushusha upya bila kunitoza kazi. Sahani ya klachi iliyolowa oili tulibishana hadi sauti zikapanda, mwisho mpya wakaitoa wao kwa gharama yao. Safari hii sikuondoka. Nilikaa juu ya tairi kuukuu nikatazama flaiwili inatoka. Mzee wa hedi, ambaye haikuwa kazi yake, alikuja akaichomoa ile sili ya zamani, akaikunja kwa vidole. Ikakatika kama biskuti. Akapitisha ukucha kwenye shafti, akaonyesha kifereji chembamba ambapo mdomo wa sili ulikuwa umekula chuma, akamwambia kijana asiigonge mpya ndani hadi palepale pa zamani, aiache nje kidogo ikamate chuma kizima. Msimamizi alikuwa amesimama anaangalia. Nilisubiri neno "samahani". Alisema, "Ilikuwa imebakiza siku chache tu."

Nilitaka kuandika nyota moja. Nikaandika mbili. Juzi asubuhi kwenye baridi pikapu imewaka mara moja, mlima uleule nimeupanda na mzigo bila klachi kuteleza na sindano ya joto haikusogea, nikarudi kufuta mbili nikaweka tatu. Halafu nikaikumbuka pakiti, nimerudisha mbili.

Jana msimamizi amepiga simu. Sili hakuitaja. "Bosi, tabo tunafunga lini?" Nimemwambia nitampigia. Na nitampigia, hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu yule mzee yuko pale na sijui kwingine pa kumpata. Ila daftari nitakuja nalo, na lile tairi kuukuu wasilitupe, nitalikalia.