Uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa siki: tathmini ya mtumiaji aliye chini ya miaka 30

Huduma ninayoitathmini ni uchunguzi wa dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi, ule unaotolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma nchini Tanzania. Kituo nilichokwenda kipo Dar es Salaam, nami sitakitaja jina. Nimekwenda nikiwa na miaka 27, sijazaa, na umri huo ndio unaoifanya tathmini hii itofautiane na ile ambayo mama yangu mkubwa angeiandika baada ya kupita katika chumba kilekile.

Nianze na chumba chenyewe, kwa sababu ndicho kinachostahili sifa nyingi. Muuguzi alifunga mlango, akaeleza kila atakalofanya kabla ya kulifanya, kisha akaingiza chombo cha kufungulia uke taratibu, akiniambia nipumue. Alipaka kwenye mlango wa kizazi maji ya asidi ya asetiki, yaani siki yenye asidi ya asilimia 3 hadi 5, akasubiri kama dakika moja, akaangaza kwa taa. Sehemu yenye seli zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe, na isiyo na tatizo hubaki na rangi yake ya waridi. Maumivu hakuna, kuna ubaridi na mwasho mdogo, na ile hali ya kutojua mikono uiweke wapi. Majibu nilipewa nikiwa bado nimelala kitandani. Kwa anayezijua hospitali zetu, jibu linalotoka papo hapo bila kuambiwa urudi wiki ijayo ni jambo la kuthaminiwa sana.

Nguvu kubwa ya huduma hii ni kwamba mwanamke anayekutwa na doa jeupe linalofaa kutibiwa anaweza kutibiwa siku hiyohiyo. Zamani ilitegemewa zaidi mitungi ya gesi ya kugandisha, ambayo ikiisha kazi husimama. Siku hizi kipo kifaa cha kushika mkononi kinachopashwa joto hadi karibu nyuzi 100, ambacho huchoma eneo lililoathirika kwa muda usiozidi dakika moja. Anayetibiwa hutokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, hushauriwa kutojamiiana kwa takriban mwezi mmoja, na hutakiwa kurudi baada ya miezi 12 kuangaliwa tena. Kizazi chake kinabaki salama.

Hilo la kizazi kubaki ndilo kiini cha jambo kwa mwanamke kijana, na nasikitika kwamba hakuna aliyelizungumza katika somo la asubuhi tulilopewa tukiwa kwenye mabenchi. Tuliambiwa kwamba saratani hii inaua, jambo ambalo ni kweli: Tanzania hupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na vifo ni zaidi ya 6,000. Lakini msichana anapaswa kuelezwa pia yale yanayompata anayepona. Ugonjwa ukikutwa ungali mdogo sana, upo upasuaji unaoondoa mlango wa kizazi na kuuacha mfuko wa uzazi, njia iliyoasisiwa na daktari Mfaransa Daniel Dargent, na baadhi ya waliofanyiwa wamezaa. Ukishasonga mbele, tiba inayotumika zaidi ni mionzi pamoja na dawa za kemikali, na mionzi ya nyonga huua mayai, hedhi hukoma, na mwanamke wa miaka 29 huingia katika ukomo wa hedhi pamoja na joto lake la usiku na mifupa yake inayodhoofika. Nchini Marekani, wagonjwa takriban 9 katika 10 ambao saratani yao haijatoka kwenye kizazi huwa hai baada ya miaka 5. Iliyosambaa mbali, hubaki takriban 2 katika 10. Kwetu, wengi hufika kwenye hospitali zinazotibu saratani, Ocean Road ya Dar es Salaam au Bugando ya Mwanza, wakiwa wamechelewa.

Sasa mapokezi. Mhudumu wa dirishani, mama mtu mzima mwenye sauti isiyojua kunong'ona, aliniuliza mbele ya foleni, "Mwanangu, umeolewa? Umeshazaa?" Nilipojibu hapana kwa yote mawili, akaniambia kipimo hiki ni cha kina mama na nirudi nikifika miaka 30. Ukweli ni kwamba hakuwa amepotoka kabisa. Walengwa wakuu wa uchunguzi huu ni wanawake wa miaka 30 hadi 50, na ipo sababu ya kitaalamu: maambukizi mengi ya HPV, kirusi cha kujamiiana kinachosababisha saratani hii, kama 9 katika 10, huondoka yenyewe ndani ya miaka 2, na kwa asiye na upungufu wa kinga huchukua miaka 15 hadi 20 kwa mabadiliko ya seli kuwa saratani. Ukimpima binti wa miaka 21 utaona weupe mwingi ambao ungetoweka bila kuguswa, na kuondoa kipande kikubwa cha mlango wa kizazi pasipo lazima huongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati. Kwa hiyo kikomo cha umri sikipingi. Ninachopinga ni kukitamka kama karipio, na kuuliza habari za ndoa pale ambapo swali lenye maana ni lingine kabisa: unaishi na maambukizi ya VVU? Mwanamke mwenye VVU yuko katika hatari mara 6 zaidi, ugonjwa kwake huweza kukua kwa miaka 5 hadi 10 tu, na Shirika la Afya Duniani linashauri aanze kupimwa akiwa na miaka 25. Swali hilo linahitaji chumba, na dirisha lile halifai kuliuliza. Hatimaye muuguzi wa ndani ndiye aliyenipokea, akaniuliza faraghani yote yaliyohitajika na kukubali kunipima.

Kasoro ya pili ni ufuatiliaji. Jina langu liliandikwa kwenye daftari kubwa, nikapewa kikadi kisicho na tarehe ya kurudi, na sijaona njia yoyote ambayo kituo kingemkumbusha mtu. Kwangu mimi niliyekutwa salama ni usumbufu mdogo, lakini kwa aliyechomwa na anayepaswa kurudi baada ya mwaka, au aliyepewa rufaa kwa sababu doa lake ni kubwa mno kwa kifaa kile, pengo hilo linaweza kuifuta faida yote ya kazi nzuri ya chumbani.

Je, siki yenyewe inatosha? Ni nafuu, haihitaji maabara, ila inategemea jicho la anayetazama, na macho hayalingani. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendelea kipimo cha vinasaba vya HPV, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti laini. Mashine za GeneXpert, zilezile zinazopima kifua kikuu, zinaweza kutoa jibu la HPV kwa muda wa saa moja hivi. Kwa msichana anayeona haya kulala mbele ya muuguzi, kijiti hicho kingeondoa nusu ya kikwazo. Kituoni kwetu hakikuwepo, na hapo ndipo ninapoipunguzia huduma hii alama.

Wadogo zetu wana bahati zaidi. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018, na mwaka 2024 ikawa dozi moja, iliyotolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Huko Uingereza, waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 wamepata saratani hii kwa kiwango cha chini kwa asilimia 87 kuliko wasiochanjwa. Wengi wa rika langu tulivuka umri huo kabla chanjo haijafika, hivyo uchunguzi ndio kinga tuliyobaki nayo.

Kwa ujumla chumba nakipa alama za juu, mapokezi alama za chini, na ufuatiliaji nusu ya alama. Nenda mapema asubuhi, usiwe katika siku zako, na usioshe uke kwa dawa yoyote kabla. Aliye chini ya miaka 25 na asiye na VVU hana haja ya kuharakia foleni hiyo. Lakini anayetokwa na damu baada ya kujamiiana, au katikati ya hedhi moja na nyingine, huyo asihesabu umri: anahitaji daktari na si zamu ya uchunguzi, na kama ameshapewa vidonge vya maambukizi bila kutazamwa, adai mlango wa kizazi uangaliwe kabla ya kupewa vingine.