Tahadhari kwa wenye mikanda ya zamani ya video, Mtwara na Lindi

Ndugu zangu mlio na mikanda ya VHS ya harusi na unyago iliyolala makabatini, naomba mnisome kabla hamjamkabidhi mtu. Mwezi uliopita nilimpa fundi mmoja wa hapa Mtwara mjini mikanda mitatu na shilingi 90,000 taslimu ili anihamishie kwenye DVD. Jina lake silitaji, kwa kuwa shauri letu halijaisha, lakini alivyonifanyia nataka mjue.

Mikanda hiyo ilirekodiwa Mikindani mwaka 1993, kwenye harusi ya dada yangu, na mjomba wetu aliyekuwa akiishi Kanada, ambaye alikuja na kamera yake ya begani kutoka huko. Tatizo lilianzia hapo. Kanada, Marekani na Japani zilitumia mfumo wa televisheni na video uitwao NTSC, ambao kila picha yake huundwa kwa mistari 525 na picha ni zipatazo 30 kwa sekunde, ilhali sisi, kama Uingereza, tulitumia mfumo uitwao PAL, wenye mistari 625 na picha 25. Kaseti ni ile ile na inaingia kwenye deki yoyote ya VHS, kwa hiyo kwa nje huwezi kuitambua. Lakini deki inayosoma PAL tu huuzungusha mkanda huo polepole kuliko unavyotakiwa, picha ikapanda na kushuka, rangi zikapotea, na sauti ikaburura kama ya mtu aliyeshikwa na usingizi. Haya yote nilimweleza fundi mapema, naye akaniapia kuwa deki yake ni ya mifumo yote.

Baada ya siku tisa nilipewa DVD tatu. Bibi harusi ni kivuli cha kijivu kinachopotelea juu ya kioo na kuibukia chini, na nyuma ya vigelegele inasikika honi ya bajaji na mtu akiulizia vocha. Bajaji, Mikindani, mwaka 1993! Kumbe aliicheza mikanda kwenye deki ya kawaida, akaisimamisha simu mbele ya televisheni na kurekodi kioo pamoja na kelele za barabarani kwake.

Nilipomrudia alidai kuwa mikanda imeoza kwa ukungu. Ukungu kwetu pwani upo na huharibu mikanda kweli, ndiyo maana nilikaribia kumwamini. Lakini jamaa yangu wa Dar es Salaam mwenye deki inayosoma NTSC alipoiweka, dada alitokea na kisutu chake, wekundu wote ukiwapo.

Mkanda wa pili ndio ulioniliza. Mjomba alikwisha kuvunja kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwa kaseti ili pasirekodiwe tena juu yake. Umerudi tundu lililobaki hapo likiwa limezibwa kwa selotepu, jambo linaloifanya deki ikubali kurekodi tena, na dakika nne za mwanzo, alimokuwa akizungumza marehemu baba, ni chenga tupu.

Kwa hiyo, mwenye mkanda uliorekodiwa kwa kamera ya ng'ambo amtake fundi aucheze mbele yake mpaka rangi zionekane na sauti isikike sawasawa, kisha amwachie mmoja tu, kwa malipo ya huo mmoja. Fundi akidai nyongeza kwa sababu eti ni lazima NTSC igeuzwe PAL ndipo DVD ionekane, msikubali haraka: deki nyingi za DVD husoma mifumo yote miwili, na picha iliyoachwa katika mfumo wake huwa safi kuliko iliyogeuzwa ovyo.

Fedha zangu sijarudishiwa. Walioacha mikanda kwa fundi wa namna hii wakaichukue ingali mizima, na waliangalie tundu la mgongoni kabla hawajatoka dukani.