Nakala ya ukutani na picha yenyewe: uzoefu wangu na "Le Berceau" ya Berthe Morisot

Nilianza na nakala ya "Le Berceau" (yaani kitanda cha mtoto mchanga), picha ya mchoraji Mfaransa Berthe Morisot. Niliiagiza mtandaoni nilipokuwa na mimba ya mwanangu wa kwanza, ikafika salama, fremu haina hata mkwaruzo. Kasoro ni rangi: weupe wote wa kile kitanda cha mtoto ulikuwa umegeuka kijivu, kama shuka lililofuliwa na nguo nyeusi. Niliitundika hivyo hivyo. Nakala ile naipa nyota 2.

Mwaka huu nimeiona picha yenyewe Paris, kwenye jumba la makumbusho la Musée d'Orsay. Nilikwenda Alhamisi, maana siku hiyo wanafunga saa 3:45 usiku (Jumatatu hawafungui).

Kwanza, ni ndogo. Sentimita 56 kwa 46 tu! Edma, dada yake Berthe, ameegemeza shavu kwenye mkono, anamtazama bintiye Blanche aliyelala. Mkono wa pili umeshika pindo la kitambaa chepesi kinachofunika kitanda. Mimi nakiita chandarua, maana tendo lile nalijua: unakishika pindo, hukifungui wala hukiachii, unasikiliza tu kama mtoto anapumua. Nimelifanya usiku mwingi mno. Machozi yalinitoka pale pale.

Na weupe ule si mmoja. Kuna buluu ndani yake, kuna waridi pembeni, na uso wa mtoto unaonekana kwa nyuma kama uko ndani ya ukungu. Hilo nakala yangu ililimeza lote.

Wengi huisifu kama picha ya mama aliyetulia. Mimi naona zaidi ya hapo. Edma naye alikuwa mchoraji, alijifunza pamoja na mdogo wake, na alipoolewa mwaka 1869 akaiacha kazi hiyo. Ukilijua hilo, jicho lake lina mapenzi, lakini pia lina uchovu na mawazo yaliyokwenda mbali. Nadhani ni mdogo mtu tu angeweza kuliona hilo na kulichora bila kumdhalilisha.

Ilichorwa 1872, ikaonyeshwa 1874 kwenye maonyesho ya kwanza ya waimpreshonisti (wachoraji waliochora mwanga na rangi za papo hapo kwa brashi ya haraka), isipate mnunuzi. Ilikaa kwa familia hadi makumbusho ya Louvre, Paris, yalipoinunua mwaka 1930.

Nyota 5, bila kusita. Ukifika, isogelee kwanza uone michirizi ya brashi, kisha rudi nyuma hatua tatu, polepole. Hapo ndipo mtoto anapotokea.