Kozi ya wiki kumi kwa wasanii Wakristo: ustadi umefundishwa, ujira umepitwa kimya

Kozi ninayoitathmini hapa hutolewa mtandaoni kwa wiki kumi, kikao kimoja cha dakika 90 kila wiki pamoja na zoezi la kufanyia nyumbani, na imekusudiwa wachoraji, waimbaji, watunzi, watarizi na wengine wanaotaka kuzitumia karama zao katika ibada na huduma. Nimeimaliza mwezi uliopita nikiwa mmoja wa wanafunzi 14. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu waandaaji bado wanashughulikia malalamiko niliyowapelekea, na shabaha yangu si kuwaharibia sifa bali kumsaidia msanii anayetafuta mafunzo ya aina hii ajue faida iko wapi, na ni maswali gani inampasa ayaulize kabla hajalipa ada. Niseme mapema kwamba kwa upande wa ustadi sijawahi kufundishwa vizuri kiasi hiki, na kwa upande wa haki za msanii sijawahi kuona watu wema wakikwepa jambo kwa upole kiasi hiki.

Kikao cha kwanza kilianza na Bezaleli, kama nilivyotarajia. Ni semina chache za imani na sanaa zisizopitia Kutoka 31, ambapo Mungu anamwita fundi huyo kwa jina na kumjaza roho yake kwa ajili ya kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao, nami nilikaa nikisubiri kusikia yale yale ya siku zote. Mkufunzi hakuishia hapo. Alituambia tufunue sura inayofuata, tukaona kwamba kati ya kuitwa kwa Bezaleli na kuanza kwa kazi yenyewe katika sura ya 35 na 36 kuna habari ya ndama ya dhahabu, iliyotengenezwa kwa pete za masikioni na kwa chombo cha kuchongea, yaani kwa mali ya aina ile ile iliyotolewa baadaye kwa ajili ya maskani (hema la ibada la Waisraeli) na kwa ufundi unaofanana na ule wa maskani. Kisha akauliza aliyeitengeneza ndama alipungukiwa na nini, ikiwa mikono yake haikupungukiwa na ujuzi. Tulibishana kwa dakika zipatazo arobaini. Aliyejibu upesi kwamba tofauti ni moyo tu alirudishwa kwenye maandiko, akaonyeshwa kwamba Bezaleli alijazwa hekima, maarifa na ujuzi, maneno ambayo katika sura ile yanahusu karakana kabla ya kuhusu mimbari.

Zoezi lililofuata ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Wachoraji wanne tuliagizwa kuchora mkono mmoja mara ishirini: mkono wa yule mjane wa Marko 12, anapotia senti zake mbili katika sanduku la hazina. Uso haukuruhusiwa, wala sanduku, wala miali ya mwanga kutoka juu. Nilitumia mkaa wa kuchorea na karatasi za bei rahisi, na hadi mchoro wa sita nilikuwa nimeridhika kabisa na kazi yangu. Wa saba ulirudi ukiwa na mstari mmoja wa mkufunzi pembeni: “Ndugu, mkono huu unatoa au unapokea?” Niliutazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimechora kiganja kikielekea juu, na senti zimekaa katikati yake, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuona mikono mitakatifu ikichorwa, na matokeo yake mjane wangu alikuwa akiomba. Mtu anayetia kitu kidogo katika tundu hukishika kwa ncha za vidole, kiganja kikiangalia chini, kifundo kimekunjika kidogo, na kidole gumba ndicho cha mwisho kuachia. Kidole gumba hicho kilinichukua michoro mingine tisa. Nilipofika wa kumi na saba nilielewa, bila kuhubiriwa, kwamba mahubiri yote niliyowahi kuyasikia juu ya mama huyo hayakuwahi kunifanya niuone mkono wake.

Hapo ndipo kozi hii inapostahili sifa. Haikumruhusu mtu kujifichia nyuma ya karama. Mkufunzi alipenda kuturudisha kwenye 1 Mambo ya Nyakati 25, ambapo waimbaji waliofundishwa kumwimbia Bwana wanahesabiwa kuwa 288, wote wakiwa mahiri, na kwa Kenania katika sura ya 15 ya kitabu hicho, aliyepewa kuongoza uimbaji kwa kuwa aliujua. Mwanafunzi mmoja aliyeleta shairi la ibada lenye vina vya kulazimisha aliambiwa kwa upole kwamba Roho Mtakatifu hapaswi kusingiziwa mizani iliyopungua. Tulicheka, naye alicheka pia, kisha akaenda kuliandika upya.

Waimbaji hawakubahatika kama sisi. Vikao vyao viwili viliendeshwa na mtu anayejua mengi lakini anayefundisha kwa kucheza rekodi, na sauti kupitia programu ya mikutano ilikuwa ikikatika kiasi kwamba besi haikusikika kabisa. Mpiga kinanda wa kundi letu aliacha kuhudhuria wiki ya saba, nami simlaumu.

Somo la historia lilikuwa fupi kuliko nilivyotaka, lakini lilichagua vizuri. Tulipewa matukio mawili ya Matengenezo ya karne ya 16, yaani harakati za kulirekebisha Kanisa huko Ulaya, tuyalinganishe. La kwanza ni la Zürich, ambako mwaka 1524 picha na sanamu ziliondolewa makanisani chini ya uongozi wa mhubiri Huldrych Zwingli, mtu ambaye mwenyewe alikuwa mwanamuziki hodari wa kupiga ala nyingi. La pili ni la Wittenberg, ambako madhabahu ya kanisa la mji ilipata mwaka 1547 picha kutoka karakana ya mchoraji Lucas Cranach. Katika sehemu yake ya chini Martin Luther amesimama mimbarini upande mmoja, waumini wako upande wa pili, na katikati yao, mahali ambapo pasingekuwa na kitu ila sakafu na ukuta mtupu, yuko Kristo msalabani, Luther akimnyoshea kidole. Tulikaa na picha hiyo kwa nusu saa, tukijiuliza kama wale waumini wanamwona au wanamsikia tu. Zwingli, aliyeujua muziki kwa vidole vyake, angejibu nini? Ningependa kikao kizima juu ya swali hilo peke yake.

Nadhani ingefaa pia watunzi wa kozi wenyewe wakae zaidi na picha hiyo, kwa kuwa kuanzia wiki ya tano walianza kuipima sanaa kana kwamba kazi yake ni kubeba bango la mhubiri. Jedwali la kusahihishia lilikuwa na kipengele kilichouliza kama ujumbe unaonekana waziwazi. Nilichora kwa rangi za maji kiti kitupu miongoni mwa viti vilivyokaliwa, kiti cha Tomaso jioni ile ambayo Yohana 20 inasema hakuwapo pamoja na wenzake, nikapewa alama 6 kati ya 10 na ushauri wa kuandika mstari wa Biblia chini ya picha. Kitabu cha Esta kwa Kiebrania hakimtaji Mungu hata mara moja, na bado kimo ndani ya Biblia bila maelezo chini yake. Nililisema hilo kikaoni, likapokewa kwa tabasamu, alama zikabaki zilivyokuwa.

Sasa nifike kwenye ujira, jambo lililonifanya niandike tathmini hii. Kikao cha tisa kilihusu msanii na kanisa lake, na dada mmoja mtarizi, aliyetumia miezi minne kutarizi vitambaa vya madhabahu kwa uzi alioununua mwenyewe, aliuliza kama ni dhambi kudai angalau gharama ya uzi. Jibu lilikuwa kwamba tunamtumikia Bwana, naye hatamwacha mtumishi wake. Kisha tukaendelea na ratiba. Jibu hilo si uongo, lakini lilitoka katika kinywa cha mtu anayelipwa kutokana na ada tulizotoa sisi, na kwa kozi iliyotufundisha kusoma maandiko kwa makini namna ile, lilinishangaza.

Maandiko yenyewe hayana aibu juu ya suala hili. Nehemia 11 inataja posho iliyoagizwa ya waimbaji, kila siku kwa mahitaji yake, na sura ya 13 inasimulia yaliyotokea posho ilipokatika: Walawi na waimbaji waliofanya kazi ya nyumba ya Mungu walikimbia, kila mtu shambani kwake. Ukiisoma sura hiyo utaona kwamba Nehemia hakuwagombeza waimbaji. Aliwagombeza wakuu, akauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa, akawakusanya waimbaji na kuwarudisha mahali pao. Kisa hicho kingeweza kujaza kikao kizima, na kingemjibu dada yule bila mkufunzi kuongeza neno.

Historia nayo inamjibu. Mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach, aliyekuwa akiandika mwishoni mwa nyingi za kazi zake herufi za Kilatini zenye maana ya “kwa utukufu wa Mungu peke yake”, ndiye huyo huyo aliyemwandikia rafiki yake Georg Erdmann mwaka 1730 akilalamika kwamba hewa ya Leipzig ikiwa nzuri mazishi hupungua, na kipato chake hupungua pamoja nayo. Kozi ilizitaja herufi zile mara tatu, barua haikutajwa hata mara moja. Na kuna mtunzi mwenzake George Frideric Handel, ambaye oratorio yake (utunzi mrefu wa waimbaji na ala) ya Masihi ilipoimbwa kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, mapato yalikwenda kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, 142 kati yao wakafunguliwa. Tulisimuliwa habari hiyo kama mfano wa kujitoa, na ni mfano mzuri kweli. Lakini pale mapato yalikuwapo kwa sababu watu walilipa ili waingie, na msanii alikubali yaende kwa wahitaji. Mtarizi wetu hakuulizwa kama anakubali, alipokea tu makofi Jumapili moja.

Wiki mbili baada ya kozi kwisha nilikutana na mkono wangu wa kumi na saba katika tangazo la awamu inayofuata. Ulikuwa umepunguzwa pembeni ili utoshe kwenye umbo la tangazo, na pembe iliyokatwa ndiyo iliyokuwa na sahihi yangu. Juu yake kulikuwa na wito wa kuwachangia wanafunzi wasio na ada. Mjane aliyetoa vyote alivyokuwa navyo alikuwa sasa akiwachangishia watu ambao hawakuniuliza! Nilirudi kusoma masharti niliyoyakubali siku ya kujiandikisha, nikakuta kipengele kinachowapa waandaaji ruhusa ya kutumia kazi yoyote ya mwanafunzi kwa namna yoyote na kwa muda wowote bila malipo. Kosa la kutokisoma ni langu, na nimelikiri. Niliwaandikia, wakajibu baada ya siku 11 kwa barua ya heshima, wakaomba radhi kwa kuikata sahihi, wakarudisha jina langu kwenye tangazo. Kuhusu kipengele chenyewe walisema watalijadili katika kikao chao.

Mengine ni madogo. Rekodi za vikao hupatikana kwa siku 30 tu, muda usiomtosha mtu mwenye kazi na familia. Masahihisho ya mazoezi huja kwa wakati, na huandikwa na mtu aliyeiangalia kazi kweli. Kundi la watu 14 ni saizi nzuri, ingawa kuwachanganya waimbaji na wachoraji kunawanyima wote wawili muda. Kwa mchoraji, mtarizi au mtunzi wa mashairi ninaipa kozi nyota nne kati ya tano kwa mafunzo na moja kwa masharti. Mwimbaji atafute kwingine hadi wapate njia bora ya kufundisha sauti.

Anayekusudia kujiandikisha aombe kwanza nakala ya masharti ya awamu mpya, na aangalie kipengele cha matumizi ya kazi za wanafunzi. Dada mtarizi bado anashikilia kazi yake ya mwisho, taulo lenye mpaka wa zabibu nyekundu alilolitarizi kwa ajili ya ibada ya kutawadhana miguu. Amewaambia ataituma picha yake watakapomjibu swali la uzi.