Crucial MX500 ya GB 500 ndani ya EliteBook 840 G1 ya kutengenezea muziki

Wanaotengeneza muziki huita "laptopu nzito" matatizo mawili tofauti. La kwanza ni kusubiri: Windows inajikokota kuwaka, programu ya muziki kama FL Studio inafunguka kwa kusuasua, na ukichagua kinanda kipya kiduara kinazunguka weee. La pili ni sauti kukwaruza na kukatikakatika mdundo ukiwa unacheza. Crucial MX500, SSD yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, inaponya la kwanza. La pili inaligusa kwa pembeni tu. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, jua unaumwa nini.

Tumechagua HP EliteBook 840 G1, toleo la 2013, kwa sababu ndiyo aina ya mashine unazozikuta kwenye maduka ya laptopu za mtumba, na kwa sababu inafunguka bila mateso. Nyingi zina prosesa ya i5-4300U yenye viini viwili, RAM ya GB 4 na diski ya sahani inayozunguka (HDD).

Diski ya sahani haishindwi na kurekodi. Traki moja ya mono, biti 24 kwa 44.1 kHz, inaandika kama kilobaiti 132 kwa sekunde. Traki 16 kwa pamoja hazifiki MB 3. Kinachoiangusha ni kurukaruka. Kinanda cha sampuli, yaani cha ndani ya kompyuta kinachocheza sauti zilizorekodiwa, kina maelfu ya vipande vidogo, na kichwa cha diski lazima kisogee kukifuata kila kimoja. Sahani ya mizunguko 5,400 kwa dakika inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 11, kwa wastani unasubiri nusu yake, na ukiongeza muda wa kichwa kusogea unapata kama milisekunde 15 kwa kila kipande. Akodi nzito yenye sauti 40 ni zaidi ya nusu sekunde ya kutafuta tu. SSD haina cha kusogeza, inajibu kwa sehemu ndogo ya milisekunde. Hapo ndipo pesa yako inapokwenda, na si kwenye ile MB 560 kwa sekunde iliyoandikwa kwenye boksi.

Kwa nini MX500 na si BX500, ndugu yake wa bei ya chini? MX500 ina kumbukumbu yake ya DRAM ya kutunza ramani ya mahali data ilipo. BX500 haina, na ukiihamishia maktaba kubwa ya sampuli kwa mkupuo inaanza kasi kisha inalegea vibaya. Waranti ya MX500 ni miaka 5 dhidi ya 3. Uvumilivu wa hii ya GB 500 ni TB 180 za kuandika: hata ukiandika GB 20 kila siku, ni zaidi ya miaka 24. Ya GB 250 usiichukue kwa kazi ya muziki, maktaba mbili tatu za Kontakt, programu ya kuchezesha vinanda vya sampuli, zinaijaza, na SSD iliyojaa hupunguza kasi. Acha angalau asilimia 15 wazi.

Dukani, soko lina SSD bandia zinazodai ukubwa zisizonao. Ya kweli ya GB 500 Windows huionyesha kama GB 465. Pitisha H2testw, programu ya kupima ukubwa wa kweli wa diski, kabla hujaweka kitu chochote. Inaandika diski nzima kisha inasoma tena, na bandia haiwezi kuificha hiyo.

Kufunga ni kazi ya nusu saa. Hamishia kwanza kila kitu kwenye SSD kwa waya wa USB kwenda SATA (aina ya soketi ya diski), ukitumia programu ya kunakili diski ya Acronis ambayo Crucial inaitoa bure kwa wateja wake. Zima, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, toa betri kabla ya kugusa kingine. Toa diski ya zamani, hamishia fremu yake kwenye mpya, isukume mpaka ikae sawa kwenye soketi. Ukiwasha na Windows ikikataa, ingia BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, kwa F10 uangalie kama mpangilio wa diski umekaa AHCI, namna ya kuongea na diski inayoifaa SSD. Mwisho, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu la 0 kwa NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, maana yake TRIM inafanya kazi, yaani Windows inaiambia SSD data ipi imefutwa.

Mfuniko ukiwa wazi, ongeza RAM. Hili tunalisisitiza kuliko yote: GB 4 zikijaa, Windows inaanza kutumia diski kama RAM, na SSD nzuri inageuzwa punda wa kubeba mzigo usio wake. Weka GB 4 mbili au GB 8 mbili, ili njia zote mbili za kumbukumbu zifanye kazi. Moduli lazima iandikwe PC3L. Ile ya PC3 bila L ni ya volti 1.5, na mashine hii inataka 1.35, ukiichomeka, laptopu haiwaki na fundi asiyejua atakuambia ubao umeungua.

Ndani ya Kontakt, kwenye mipangilio ya kumbukumbu, shusha kiasi cha kila sampuli kinachopakiwa mapema kutoka kB 60 za kawaida hadi 24, au hata 12. Diski ya sahani isingevumilia. Kwa SSD kinanda kinabaki safi, na RAM kubwa inarudi mikononi mwako.

Sasa mikwaruzo. Bafa ni fungu la sauti linaloandaliwa kabla ya kuchezwa. Bafa ya sampuli 256 kwa 44.1 kHz inaipa prosesa milisekunde 5.8 kumaliza hesabu za plagini zote. Ikichelewa, unasikia mkwaruzo, hata diski iwe ya kasi gani. Rekodi ukiwa 256, lakini ukichanganya muziki panda hadi 1024, ambayo ni milisekunde 23. Weka umeme wa Windows kwenye utendaji wa juu. Kisha acha LatencyMon, programu inayoonyesha draiva gani inachelewesha sauti, ifanye kazi dakika 10 bila kugusa kitu. Ikikuonyesha ndis.sys, ambayo ni ya mtandao, zima Wi-Fi wakati wa kazi, ikikuonyesha ACPI.sys, ambayo ni ya umeme, jaribu kuzima draiva ya betri kwenye orodha ya vifaa, ukikumbuka kuirudisha. Ikiwa kila kitu ni kijani na sauti bado inakwaruza baada ya dakika 20 hivi, gusa mashine karibu na tundu la feni. Prosesa yenye joto hujipunguzia kasi yenyewe. Safisha vumbi na ubadilishe pesti iliyokauka juu yake kabla ya kununua chochote kingine.