Kutoka Boma la Wajerumani hadi Ras Kazone: tathmini ya ziara ya miguu mjini Tanga

Ziara nyingi za historia mjini Tanga huishia kwenye vita vya Novemba 1914 na kisa cha nyuki waliowavuruga askari wa Uingereza. Hii ya miguu, inayoanzia kwenye boma la zamani, inastahili kulipiwa kwa sababu mwongoza watalii wake anamfuata kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, hadi kwao, ambako mwezi Machi 1920 aliunga mkono jaribio la mwanasiasa wa mrengo wa kulia Wolfgang Kapp la kuipindua jamhuri ya Ujerumani ambayo haikuwa imetimiza hata miaka miwili.

Kwa nini shujaa aliyeandamana Berlin kwa shangwe mwaka 1919 aigeuke serikali changa? Mwongozaji analijibu swali hili kwa ufasaha: Vita ya Kwanza ya Dunia waliishindwa makamanda wa Kaizari, mfalme wa Ujerumani, lakini mkataba wa Versailles, uliofunga vita hiyo, uliwekwa saini na wanasiasa wa jamhuri, hivyo wenye siasa kali wakapata wa kumwita msaliti. Mkataba huo ulipolitaka jeshi lipunguzwe hadi watu 100,000, vikosi vilivyoamriwa kuvunjwa viliingia Berlin, na serikali ikakimbia. Wafanyakazi waligoma, maji, umeme na usafiri vikasimama, na Kapp akaanguka ndani ya siku chache.

Sikuridhika na maelezo yake kuhusu jaribio la mapinduzi la Hitler la mwaka 1923, yanayoiachia njaa lawama yote. Ni kweli kwamba mwezi Novemba dola moja ilifikia marki trilioni 4.2 za Ujerumani, lakini Hitler alijaribu mapinduzi ya Munich siku chache tu kabla ya sarafu mpya kutolewa. Kwa maoni yangu, watu wa aina hii huharakisha wakihofia kwamba hali ikitengemaa hawatapata wafuasi. Mahakimu nao wametajwa kwa kupita tu, ilhali Hitler, aliyehukumiwa miaka mitano kwa uhaini, aliachiwa Desemba 1924. Mwizi wa baiskeli Ngamiani angeweza kukaa zaidi.

Sehemu hii ilisimuliwa harakaharaka Ras Kazone, jua likiwa la utosini na kivuli hakuna. Anayetaka kuisikia vizuri aombe kuanza mapema asubuhi na achukue maji yake, kwani hayamo katika malipo.