Gemu za kutulizia kichwa usiku wa baridi: ipi ununue kwanza

Mwezi wa saba hapa Uyole, Mbeya, saa 2 usiku hukuti mtu nje. Bodaboda wamevaa makoti mawili mawili, mama wa chipsi ameshafunika kikaango, na wewe umeoga maji ya moto, umeingia kwenye blanketi, usingizi hauji. Hiyo ndiyo saa ya gemu. Sisemi gemu ya mpira. Ile unaanza umetulia, unamaliza unamtukana kipa ambaye hata hakusikii. Nasema zile ambazo mtu anazirudia mwaka wa tatu, mwaka wa nne, akijua kila kona yake, na bado zinampoza.

Mimi natengeneza laptop na simu Mwanjelwa, na ombi la "kaka, niwekee gemu ya kutuliza akili" nalipata zaidi ya unavyodhani. Walimu, manesi, mawakala wa fedha, hata mchungaji mmoja. Hapa nimezipanga kama ninavyomshauri mteja aliyekuja na hela ya gemu moja tu.

Naanza na swali moja: ukiiacha ghafla, inakuadhibu? Mtoto kalia, umeme umekatika, simu ya kazini imeita. Gemu inayokunyang'anya kitu kwa sababu uliinuka haitulizi, hata kama imechorwa vizuri namna gani. La pili ni bando. Gemu iwe ya kulipa mara moja na kucheza bila intaneti, vinginevyo kila usiku unalipia tena.

1. Stardew Valley, na inunue ya simu

Ni gemu ya kilimo. Unarithi shamba la babu yako, limejaa magugu, mawe na visiki, na unapewa mbegu 15 za mboga moja ya mizizi inayofanana na karoti nyeupe. Unalima, unamwagilia, unalala. Siku ya nne mboga zimekomaa. Msimu una siku 28, mwaka una misimu 4, na siku moja ya kule inakwisha kwa kama dakika 14 za saa ya ukutani. Aliyeitengeneza ni Mmarekani Eric Barone, peke yake: michoro, muziki, maneno, kila kitu. Ilimchukua zaidi ya miaka 4 hadi ikatoka Februari 2016, na kufikia mwisho wa 2024 zilikuwa zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 40.

Nilimwonyesha bibi yangu Tukuyu. Alikaa kimya akitazama ninavyomwagilia tuta kwa tuta, kisha akauliza:

"Na hii ulitoa hela kuinunua?"

"Nilitoa, bibi."

"Ili ulime?"

"Ndiyo, bibi."

"Mjukuu wangu, jembe liko nyuma ya mlango."

Sikuwa na jibu siku ile. Jibu nimelipata baadaye, nikimsikiliza mjomba analalamikia viazi vyake. Kwenye gemu, mbegu ya ile mboga unanunua 20, mboga yenyewe unauza 35, leo na mwaka kesho. Jioni unaweka mavuno kwenye kasha nje ya nyumba, ukiamka hela ipo. Hakuna lumbesa. Hakuna dalali wa kukuambia soko la Dar limejaa. Mvua ikinyesha humwagilii, unapata siku ya bure ya kwenda kuzungukia majirani. Bibi aliiona hiyo mvua kwenye skrini akatikisa kichwa kukubali: "Hapo sasa wamesema kweli." Shamba ambalo jasho lako linalipwa kama mlivyokubaliana linapumzisha mtu wa huku kuliko anavyoweza kueleza.

Kwa nini ya simu? Bei, kwanza. Ya kompyuta ni dola 14.99, ya simu ni dola 4.99, ambazo kwa kiwango cha siku nyingi hapa zinaangukia kati ya shilingi 12,000 na 14,000, ongeza makato. Pili, ya kompyuta inahifadhi kazi yako pale tu mhusika wako anapokwenda kulala. Umeme ukikatika saa 5 za usiku wa kule, na laptop yako ndiyo ile ya betri iliyokufa, siku nzima ya kilimo imekwenda. Ya simu inahifadhi hata ukitoka katikati ya siku.

Kasoro zipo. Kuvua samaki ni mtihani, kidole kinateleza na samaki anakwenda. Achana nako mwanzoni. Maandishi ni madogo kwenye simu yenye kioo kidogo, na Kiswahili hamna, lakini Kiingereza chake ni cha darasani tu. Kitu kimoja usikisahau: msimu ukiisha, mazao ya msimu ule yanakufa yote shambani. Mbegu ya siku 12 usiipande zikiwa zimebaki siku 8. Mimi nilipanda.

Na usinunue ya flashi. Kabla sijajua kulipia mtandaoni, nilipewa nakala kwenye duka moja mjini kwa shilingi 3,000. Ilikuwa toleo la zamani, lililochakachuliwa. Nilifika majira ya baridi ya mwaka wa pili, nina ng'ombe, nina kuku, kila nikifungua mlango wa nyumba gemu inajifunga. Niliirudia mara kama 20 hivi. Shamba lile sikuliona tena, na ile flashi ilinigawia virusi ambavyo nilivitoa kwa siku mbili. Mimi, fundi.

2. A Short Hike

Hii watu wengi hawaijui na ndiyo ninayoipenda kuliko zote, ila nimeiweka ya pili kwa kuwa ni fupi na inataka kompyuta. Wewe ni ndege mdogo anayeitwa Claire, uko likizo kwa shangazi yako kwenye kisiwa cha hifadhi, na unasubiri simu muhimu. Mtandao hakuna. Mtandao unapatikana kileleni tu, kwa hiyo unapanda mlima.

Mtu wa nyanda za juu huhitaji kumfafanulia hapo. Kuna vijiji huku mpaka leo vina kichuguu kinachojulikana kwa jina la mtandao wake, na jioni utakuta foleni juu yake.

Njiani unaokota manyoya ya dhahabu, na kila unyoya unakuongezea pumzi ya kukwea. Unakutana na watu, mmoja kapoteza kitu, mwingine anataka mbio. Hakuna adui, hakuna saa inayokukimbiza, na hata ukianguka hupotezi kitu. Nisichokichoka mimi ni kushuka: unaruka kutoka kileleni, unatanua mabawa, na kisiwa kizima kinapita chini yako taratibu. Ukiwahi kusimama juu ya mlima Loleza asubuhi ukauangalia mji umefunikwa ukungu, unaijua hiyo hali.

Ilitengenezwa na Adam Robinson-Yu, ikatoka 2019. Bei ni dola 7.99. Haifiki gigabaiti 1, na nimeiona ikienda vizuri kwenye laptop za mtumba ambazo hata kivinjari kinazilemea. Mteja mmoja alinigombeza kwamba ameimaliza kwa jioni moja. Ni kweli, ni gemu ya saa mbili au tatu. Mimi nimeimaliza mara 6.

3. Euro Truck Simulator 2

Inauzwa dola 19.99, ya kampuni ya SCS Software ya Prague, ilitoka Oktoba 2012 na bado inaongezewa vitu. Unachukua mzigo mji mmoja wa Ulaya unaupeleka mji mwingine. Basi. Usiku, mvua kwenye kioo, waipa zinakwenda na kurudi, taa za mbele yako nyekundu. Ina folda ya muziki ambayo unaweka nyimbo zako mwenyewe, kwa hiyo mimi navuka Ujerumani na zilipendwa.

Shemeji yangu ni dereva wa kweli, Dar hadi Tunduma na kuendelea, mlima Kitonga anaujua kama sebule yake. Nilimpa usukani. Dakika ya tatu alishagongana uso kwa uso na gari dogo, kwa sababu Ulaya bara wanapita kulia na mikono yake inajua kushoto. Faini ikatokea kwenye skrini. Akapita taa nyekundu, faini nyingine. Akaguna: "Shem, hii ni kazi bila posho." Lakini alipofika kwenye kuegesha trela kwa kinyumenyume, kitu ambacho mimi kinanichukua robo saa, aliingiza mara moja bila kuangalia mara mbili, akanirudishia akicheka. Kwa hiyo kama unaendesha kwa riziki, ruka hadi namba 4. Kama barabara kuu unaionea dirishani tu, inatuliza sana. Ukianza, chagua Uingereza, kule wanapita kushoto kama sisi.

Tahadhari mbili. Inakula zaidi ya gigabaiti 20 kupakua, tafuta sehemu yenye Wi-Fi ya uhakika, usijaribu kwa bando la siku. Na ramani za nyongeza zinauzwa mbalimbali, kila moja na bei yake. Usinunue hata moja mpaka umeendesha miezi mitatu.

4. Minecraft

Unaijua, au mtoto wako anaijua. Mwaka 2023 ilivuka nakala milioni 300. Ya simu ni dola 6.99. Siri yake kwa anayetafuta utulivu ni kuiweka kwenye kiwango cha amani: mazimwi yanatoweka, njaa haishuki, unabaki wewe, mawe na muziki wa piano unaokuja na kuondoka kama mtu anayepiga chumba cha pili. Ina duka ndani yake. Ukimpa mtoto, funga malipo kwa nenosiri kwanza.

5. Animal Crossing: New Horizons

Ingekuwa juu zaidi isingekuwa bei. Inachezwa kwenye mashine za Nintendo Switch tu, kwa hiyo unanunua mashine kwanza, halafu gemu yenyewe imetoka na bei ya dola 59.99. Ilitoka Machi 2020, watu wengi duniani wamefungiwa ndani, na wakahamia kwenye visiwa vyake. Inafuata saa na tarehe halisi: usiku wako ni usiku wake. Mwanzoni inakuuliza uko nusu ipi ya dunia. Jibu kusini, na mwezi wa saba theluji itaanguka kisiwani wakati huohuo sakitu inapokaa kwenye majani kule Kitulo. Sijaona gemu nyingine inayotukumbuka hivyo.

Ila kwa swali langu la mwanzo inapata alama pungufu. Ukipotea wiki mbili magugu yanajaa na majirani wanakuuliza ulikuwa wapi. Ndugu wa mjini hao tunao tayari. Kama kuna mtu wa nje anakuuliza akuletee zawadi gani, sawa, mtajie.

Huna hela mwezi huu

Alto's Adventure kwenye Android ni ya bure: unateleza kwenye theluji mlimani, jua linazama, linachomoza. Ichezee upande wake wa utulivu, usio na alama wala sarafu. Ukianguka unainuka unaendelea. Ina matangazo, zima data kwanza. Karata za kujipangia mwenyewe zilizokuja na Windows tangu 1990 bado zinafanya kazi ileile ofisini. Tetris, aliyoibuni Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, inanituliza dakika tano za kwanza tu, baada ya hapo meno yanauma.

Ninayokataa kumpendekezea mtu ni Candy Crush Saga. Inajiita ya bure. Inakupa maisha 5, yakiisha kila moja linarudi baada ya nusu saa, au toa hela. Imejengwa ili ukwame. Nimeona mteja mmoja ametumia kwa mwezi zaidi ya bei ya Stardew mara tano, kisha analalamika simu inamchosha.

Kulipa

Kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni inatosha, na baadhi ya mitandao ya simu inakuwezesha kutengeneza kadi ya mtandaoni kutoka kwenye salio lako. Weka hela kidogo zaidi ya bei, maana kodi na tofauti ya dola vinakula. Google Play unaweza kuomba urudishiwe ndani ya saa 48. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, inarudisha ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa 2. Usiitumie hiyo kumaliza A Short Hike ya watu na kuirudisha, tafadhali.

Steam hushusha bei karibu na mwisho wa mwezi wa sita na tena mwishoni mwa Desemba. Ile ya mwezi wa sita inakuja wakati baridi yetu ndiyo inaanza kung'ata, kwa hiyo mwenye laptop aangalie betri yake mapema. Na jiko la mkaa libaki nje. Chumba kilichofungwa madirisha na jiko ndani kinaua, blanketi la pili linatosha.